Ongeza au Punguza

Bibi Nunu aliniambia, tumelala juu ya dari Al Khoud,
shuka zimeloweshwa maji kwa ajili ya joto,
kwamba nyota ikikimbia imerushwa:
malaika kamlenga shetani
aliyepanda kudukiza maneno ya mbinguni.
Nikamuuliza: humpata?
Akanifunika. Lala.

Miaka thelathini baadaye niko Jiddat al-Harasis,
uwanda bapa kama sinia la haluwa lililokwisha kurambwa.
Jiwe jeusi hapa halina pa kujificha.
Kote chokaa nyeupe, nalo limekaa
kama punje ya pilipili manga kwenye wali.
Suhail, dereva wetu, huyaona kabla yetu.
Haulizi limetoka wapi. Hushika breki,
hutema kokwa ya tende dirishani, husema: lile.

Nalisogezea sumaku iliyofungwa uzi. Inayumba, inalifuata.
Gamba limeungua, jembamba kama ganda la kitunguu.
Gramu mia nne na kumi na mbili.
Nalitia mfukoni bila kuligusa,
maana jasho langu ni ushahidi wa uongo mbele ya mashine.
Ila kabla ya kuinama nimesema Bismillahi.
Ulimi haukuniomba ruhusa.

Maskati, msumeno wa almasi unalipasua.
Ndani mna vitone mviringo, vidogo kuliko ufuta,
matone ya moto yaliyoganda
kabla ya mashariki kuwa mashariki,
kabla ya kuwepo kibla na mtu wa kukielekea.
Miaka milioni elfu nne, mia tano na sitini.
Pembeni naandika: ongeza au punguza milioni tatu.

Hapo ndipo ninapoipenda shaka.
Hujitia kidole machoni yenyewe,
huandika ujinga wake kwa tarakimu.
Sijapata kusikia hotuba ya Ijumaa
iliyomalizikia na "ongeza au punguza".

Usicheke: nilimtafuta shetani.
Chuma, nikeli, madini ya kijani.
Hapana damu. Hapana hata unywele uliobabuka.
Ghalib, wa meza ya pili, akasema si haki,
kisichopimika hakiwekwi kwenye mizani.
Kweli, nikamwambia,
basi na wao wasiniuzie kwa kilo.
Akacheka mpaka kahawa ikamwagika.
Adhuhuri ikaadhiniwa, akaondoka na mkono wa kanzu una doa,
nikabaki napangusa meza.

Lakini usiku mmoja kambini
kilikatika kimondo kijani,
kikavuka kutoka upande wa Haima kuelekea baharini,
na mimi, mwenye shahada tatu ukutani,
niliinamisha kichwa.
Si imani. Shingo ina kumbukumbu zake.
Halafu nikabaki macho, nikimfikiria Bibi.
Malaika wake simwamini,
lakini nani mwingine katika nyumba ile
aliyenielekeza kidole juu?
Swali nililouliza chini ya shuka mbichi
hadi leo nadai jibu lake.

Yeye sasa yuko makaburini,
jiwe moja kichwani, moja miguuni, bila jina, ndivyo kwetu.
La kichwani ni gabro, la mlimani hukohuko.
La miguuni sikulitambua.
Nilichuchumaa muda mrefu, sumaku i mfukoni mwangu,
sikuitoa.

Mama anapiga simu nikiwa njiani kurudi,
masanduku ya mawe yanagonganagonga nyuma,
Suhail kazima redio ili nisikie.
Umesali?
Nimefika Adam, mama.
Hakuniuliza hilo, najua, naye anajua.
Nasikia feni yake, na kijiko kikiwekwa juu ya marumaru.
Haya, anasema. Wali nimekufunikia.